Mwenyekiti Aliyekataa

Mtu aliyeleta ile karatasi alilazimika kuuliza mara mbili, maana mara ya kwanza Mzee Dakika hakuinua hata kichwa. Alikuwa ameiinamia saa ya mwalimu mmoja, lenzi imebanwa jichoni, kibano mkononi, akitafuta skrubu ndogo ambayo ukipiga chafya umeagana nayo.

"Nauliza, wewe ndiye mkurugenzi?"

"Hapa mkurugenzi ni mimi, katibu ni mimi, na mfagiaji ni mimi," alijibu. "Saa yako ina tatizo gani?"

Mgeni hakucheka. Alisoma majina yake yote matatu, mpaka la babu ambalo mkewe mwenyewe hulisahau, kisha akamsogezea daftari ili aweke sahihi ya kupokea. Mzee Dakika akaweka. Hakusoma. Ilikuwa sahihi yake ileile ya siku zote, yenye mkia mrefu unaorudi nyuma na kujifunga fundo. Mgeni akaaga akapanda ngazi, na hapo ndipo fundi alipotoa lenzi jichoni, akafungua bahasha.

Ilikuwa hati ya wito wa mahakama. Mshitakiwa wa kwanza, kampuni ya kutengeneza madaftari. Mshitakiwa wa pili, shemeji yake, kaka mdogo wa mkewe. Mshitakiwa wa tatu, yeye mwenyewe, "mkurugenzi na mwenyekiti wa bodi". Kosa: kumwachia mfanyakazi atumie mashine ya kukatia karatasi isiyo na kinga, hata akakatwa vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Akaisoma tena. Mara ya tatu akaisoma kwa lenzi, kana kwamba maneno makubwa yanaficha mengine madogo yanayoyakana. Hayakuwepo.

Kwa miaka thelathini kibanda chake kilikuwa palepale chini ya ngazi za jengo la maduka. Alisifika kwa mambo mawili: mkono usiotetemeka, na kutomwamini mtu. Mteja akisema saa imesimama yenyewe, yeye humjibu, "Yenyewe haisimami. Ulikuwa unaosha vyombo?" Na kweli mteja alikuwa anaosha vyombo. Ndiyo maana watu walioisikia habari hii baadaye walishindwa kuelewa ilikuwaje mtu kama yule akaingia mtegoni macho wazi.

Aliingia kwa mlango wa undugu. Miaka minane nyuma shemeji alikuja na fomu na maneno matamu. Alitaka kusajili kampuni, na fomu ilidai wakurugenzi wawili. "Kidole kimoja hakivunji chawa, shemeji," alisema siku ile. "Ni jina tu. Kazi yote yangu, wewe kaa na saa zako." Mke wa fundi, aliyemlea mdogo wake huyo tangu mama yao alipofariki, alisimama mlangoni na sahani mkononi akingoja jibu la mumewe. Nani angesema hapana mbele ya uso ule? Mzee Dakika akaandika jina kwenye mstari wa mwenyekiti bila kuusoma, akaweka sahihi, na mwisho wa mwaka akaletewa madaftari ya watoto, boksi zima.

Kuanzia hapo shemeji alipita kibandani mara mbili tatu kwa mwaka na bahasha. "Karatasi zetu zile." Fundi alinyoosha mkono bila kutoa lenzi, shemeji akamwonyesha mahali kwa kidole, na ule mkia ukachorwa. Kazi ya nusu dakika.

Siku ile alifunga kibanda mapema, akaenda nyumbani. Mkewe alikuwa akianika nguo uani.

"Mama watoto, mdogo wako amekuambia nini kuhusu kiwandani?"

"Kwamba biashara inakwenda. Kwani kuna nini?"

Akampa karatasi. Mama huyo alisoma taratibu, midomo ikicheza. Alipofika kwenye vidole, shuka alilokuwa amelishika likadondoka mchangani, na hakuliokota.

"Kakatwa nani?"

"Sijui."

"Lini?"

Tarehe ilikuwepo. Wiki saba zilikuwa zimepita. Wakatazamana, kila mmoja akihesabu jambo lilelile: Jumapili saba. Shemeji alikuwa hakosi chakula cha Jumapili pale nyumbani. Jumapili saba alikaa kwenye kile kiti, akala, akawachekesha watoto, akaomba aongezewe mchuzi.

"Alikula hapa," mkewe alisema kwa sauti ndogo. "Nikampakulia mwenyewe."

Kesho yake asubuhi Mzee Dakika alikwenda kiwandani. Alikuwa amefika mara moja tu, siku ya ufunguzi, wakati kiwanda kilipokuwa chumba kimoja chenye meza na mashine ya kubana pini. Sasa lilikuwa ghala refu la mabati, lenye marobota ya karatasi mpaka juu na kelele za kuziba masikio. Mwanamke mtu mzima aliyekuwa akipanga majalada alimsimamisha.

"Tukusaidie, mzee?"

Akataja jina lake, akiuliza ofisi ilipo. Yule mama akaacha majalada. Akawagusa wenzake wawili, nao wakageuka. Habari ikapita kutoka meza hadi meza, na kelele zikapungua, mashine moja baada ya nyingine, mpaka ghala likabaki kimya na watu ishirini na kitu wakimkodolea macho. Ukutani, kando ya cheti cha usajili, kulikuwa na fremu ya kioo yenye majina ya wakurugenzi. La kwanza lilikuwa lake.

"Kumbe upo," alisema yule mama.

"Nipo?"

"Sisi wengine tulishaanza kusema huyu Mwenyekiti labda ni mzimu. Miaka yote unakataa, sura hatuijui."

"Nakataa nini?"

Yule mama aliwatazama wenzake, asijue kama anategwa. "Kila kitu, mzee wangu. Tuliomba glavu, tukaambiwa Mwenyekiti amekataa. Mikataba ya kazi, Mwenyekiti amekataa. Bosi yeye hana neno, anatuhurumia, hata machozi yanamlenga. Anasema, 'Mimi ningewapa leo, lakini yule mzee, mnamjua nyinyi? Moyo wake jiwe.' Tulipoomba vitufe vya mashine virekebishwe, vilevile. Mwenyekiti amekataa."

Mtu hujua kwamba kuna watu wanaomsema vibaya mahali fulani, hilo la kawaida. Lakini kugundua kwamba kwa miaka minane, siku sita kwa wiki, katika jengo usilolijua, kuna mtu mwenye jina lako anayewanyima watu glavu!

"Nionyesheni hiyo mashine," alisema Mzee Dakika.

Zilikuwa mbili. Moja ilikuwa imezungushiwa utepe wa mkaguzi wa usalama kazini, na chini yake sakafu ilikuwa imesuguliwa sana kuliko sehemu nyingine. Ya pili ilikuwa inafanya kazi. Fundi haikumchukua muda kuielewa. Kisu hushuka pale tu vitufe viwili vinapobonyezwa kwa pamoja, kimoja kushoto na kingine kulia, mbali mbali, ili mikono yote miwili iwe na kazi na isipate nafasi ya kwenda chini ya kisu. Akili ya mtu aliyebuni kitu kile ilimfurahisha kwa sekunde moja. Kisha akaona kitufe cha kulia. Kilikuwa kimekandamizwa kwa kipande cha ubao, kikafungwa kwa utepe wa gundi, ili mkono wa kulia ubaki huru kusukuma karatasi.

"Hii ndiyo ilivyokuwa kwenye ile nyingine?"

"Vilevile."

"Na mkaguzi hakuona hii?"

"Siku ya mkaguzi ubao ulitolewa. Alipoondoka ukarudishwa. Bosi alisema Mwenyekiti anataka oda iishe."

Mzee Dakika akachomoa kisu kidogo mfukoni, akakata ule utepe wa gundi, akautoa ule ubao na kuutia mfukoni. Kijana wa mashine akalalamika kwamba watachelewa. "Chelewa," fundi alimwambia, na kwa mara ya kwanza Mwenyekiti alikuwa ameamuru jambo kwa mdomo wake mwenyewe.

Shemeji alimpokea ofisini kwa kukumbatia. Alikuwa mtu wa kupendeza, mnene kidogo, mwenye kicheko cha karibu. Akafunga mlango. Fundi hakukaa.

"Mimi nina moyo wa jiwe, shemeji?"

Kicheko kikamtoka yule mtu, lakini kwa muda mfupi tu. "Aa, maneno ya kiwandani hayo. Sikiliza. Mimi ninaishi nao hawa kila siku. Mmoja ameniomba nimsimamie harusi, mwingine mtoto wake ana jina langu. Nitawakatalia kwa uso upi? Nilihitaji mtu wa kukataa. Wewe hawakujui, hukai nao. Wakikuchukia huko mbali, inakuuma nini? Pilipili usiyoila yakuwashia nini?"

Alisema kwa upole, kama mtu anayeeleza bei ya sabuni. Hilo ndilo lililomtisha Mzee Dakika kuliko kelele yoyote. Hakuwa mbele ya mtu mwenye haya. Alikuwa mbele ya mtu aliyedhani amebuni njia nzuri.

"Na kesi?"

"Nimeshapanga." Shemeji akafungua droo, akatoa karatasi iliyochapwa. Ilikuwa barua ya kujiuzulu ukurugenzi, yenye tarehe ya miaka miwili iliyopita. "Weka sahihi hapa, utoke zako. Utakuwa hukuwepo ajali ilipotokea. Mimi nitabaki nayo. Unaona ninavyokupenda?"

Fundi aliichukua. Hatuwezi kumsingizia kwamba aliitupa pale pale. Aliikunja vizuri, akaitia mfuko wa shati, akatoka nayo. Njiani alijiambia kwamba yeye kadanganywa, katumiwa jina, na mtu aliyetumiwa jina hana kosa. Lakini kabla ya kuandika lolote alitaka kumwona yule mkataji wa karatasi aliyepoteza vidole. Yule mama wa majalada alimwelekeza.

Mkataji alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, akiishi chumba na sebule nyuma ya duka la vioo. Alimfungulia mlango kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji, na bandeji ile ilikuwa nyembamba mno, mwenye macho asingeweza kukosea. Fundi akajitambulisha. Yule dada hakupiga kelele. Alimtazama toka utosini hadi kwenye viatu vilivyochakaa.

"Nilidhani wewe ni mrefu," alisema.

Akamkaribisha kiti kwa sababu ya malezi yake tu. Mzee Dakika akaanza hotuba aliyoiandaa njiani: pole sana, mimi sikujua, jina langu lilitumiwa, hayo ya kukataa nimeyasikia leo.

"Hukujua," dada akarudia.

"Haki ya Mungu sikujua."

Aliinuka, akavuta sanduku chini ya kitanda, akachakura kwa ule mkono mmoja huku fundi akiona aibu kumsaidia na aibu kutomsaidia. Akamletea karatasi iliyokatwa kwenye daftari. "Bosi alisema hana uwezo, nikuandikie wewe. Nikakuandikia. Hii ndiyo iliyonirudia."

Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyesoma na kupenda kuandika. *Mheshimiwa Mwenyekiti. Siombi nyongeza. Ninaomba kitufe cha kulia cha mashine ya kwanza kifunguliwe, kwa sababu juzi kisu kilishuka nikiwa bado napanga karatasi, kikachukua ncha ya mkono wa blauzi yangu. Ninaogopa.* Ilikuwa imeandikwa miezi mitano kabla ya ajali. Chini kabisa, kwa wino mwingine, mtu alikuwa ameandika: *Haiwezekani kwa sasa.* Na chini ya hapo palikuwa na sahihi.

Ilikuwa na mkia mrefu. Mkia ulirudi nyuma na kujifunga fundo.

Hakuna aliyeighushi. Angeijua sahihi ya kughushi kama anavyoijua saa ya bandia, kwa mguso. Hii ilikuwa yake. Mkono wake mwenyewe, chini ya ngazi, lenzi jichoni, ulipita juu ya karatasi hii iliyoandikwa *ninaogopa*, na jicho lake jingine halikuiona. Alijaribu kuikumbuka ile siku. Ilikuwa saa ya nani mezani? Hakupata kitu.

"Ni yako?" dada aliuliza.

"Ni yangu."

"Basi usiniambie hukujua. Niambie hukusoma."

Alitoka mle hoi. Hakumbuki alivyofika barabarani.

Ile barua ya kujiuzulu aliipeleka kwa wakili, mwanamama mwenye ofisi ghorofa ya pili ya jengo lilelile ambalo yeye alikuwa chini ya ngazi zake. Kwa miaka sita walikuwa wakisalimiana tu. Wakili aliisoma, akaisukuma pembeni kwa ncha ya kalamu kama mtu anayemsogeza mende.

"Ukiweka sahihi hapa, Fundi, utakuwa na kesi mbili. Hii tarehe ni ya uongo, na uongo kwa mahakama ni kosa jipya."

"Lakini mimi ni jina tu, mama."

"Kwenye kampuni hakuna jina tu. Kampuni ni mtu kwa sheria, lakini ni mtu asiye na macho wala mikono. Macho yake ni wakurugenzi. Wewe ulikubali kuwa jicho, ukalala." Akamwacha ameze. "Umeshaisoma katiba ya kampuni yenu?"

"Tuna katiba?"

Wakili aliifuata mwenyewe kwa msajili wa kampuni, na siku ya tatu akamwita. Alikuwa na sura ya mtu aliyeokota kitu. Katiba ile shemeji aliinunua dukani kwa muuza vifaa vya ofisi, nakala ya kujaza nafasi, na inaelekea naye hakuisoma, maana kifungu cha kumi na tisa kilisema hivi: mkurugenzi yeyote anaweza kuitisha kikao kwa notisi ya siku saba, na kura zikilingana, kura ya mwenyekiti ndiyo itakayoamua.

"Maana yake?"

"Maana yake kwa miaka minane mwenye uamuzi kwenye kile kiwanda ulikuwa wewe. Wale wafanyakazi hawakudanganywa sana."

Mzee Dakika alikaa kwenye ngazi nusu saa nzima kabla ya kurudi kibandani, watu wakimruka.

Aliandika notisi kwa mkono wake. Shemeji alipoipokea alipiga simu akicheka: "Shemeji, umeanza lini siasa?" Siku ya nane wakakaa ofisini kiwandani, wakurugenzi wawili, na wakili pembeni kuandika muhtasari. Fundi akaweka ule ubao mezani. Akasoma hoja zake tatu: mashine zisimame mpaka vitufe vyote vitengenezwe na mkaguzi aridhike, kila mfanyakazi apate mkataba wa maandishi na bima ya kuumia kazini, na mahakamani kampuni ikiri kosa, isimburute yule dada kwenye ushahidi.

"Mimi napinga zote," shemeji alisema. "Moja kwa moja. Tumefungana. Twende tukale."

"Kifungu cha kumi na tisa," alisema wakili, akamsogezea katiba.

Shemeji alisoma. Akageuza ukurasa, akarudi, akatafuta jina la mchapaji, akatafuta sahihi mwishoni. Ilikuwepo, nene na yenye majivuno. Ya kwake.

"Nilinunua dukani," alisema, kama mtoto. "Nilijaza jina tu."

Mahakamani shauri halikuchukua muda mrefu, kwa kuwa walikiri. Hakimu alimwuliza mshitakiwa wa tatu alikuwa akifanya kazi gani hasa katika kampuni.

"Nilikuwa naweka sahihi, Mheshimiwa."

Watu wakacheka. Mzee Dakika hakuwa amekusudia kuchekesha, akasimama pale akingoja waishe. Kampuni ilipigwa faini, wakurugenzi nao kila mmoja kivyake, na ikaamriwa mkataji alipwe fidia. Fundi aliuza mashine yake ya kuchongea vyuma vya saa, iliyokuwa mali ya baba yake, ili alipe sehemu yake. Shemeji hakuja tena Jumapili. Mke wa fundi huenda kumtembelea peke yake, na akirudi hasemi walichozungumza, wala mumewe hamwulizi. Kuna siku alimwambia tu, "Nilimlea vibaya," na fundi akajibu, "Mimi nilimsaidia," wakaendelea kuchambua mchele.

Hakujiuzulu. Wakili alimwambia anaweza, kihalali na kwa tarehe ya kweli, lakini kila akifikiria nani atakaa na shemeji kwenye ile meza, anaahirisha. Sasa kila Alhamisi kibanda hufungwa adhuhuri, naye huenda ghalani. Mwanzoni walimwogopa. Siku hizi yule mama wa majalada humwita "Mzimu wetu", mbele yake.

Katiba ikarekebishwa, wafanyakazi wakapewa nafasi ya mwakilishi kwenye kikao cha mwaka, na bila kushauriana na mtu wakamchagua mkataji, aliyekuwa amerudi kwenye kazi ya kukagua oda. Alikuja kikaoni na blauzi ya mikono mirefu. Mzee Dakika alikuwa ameandaa muhtasari wa mwaka yeye mwenyewe, usiku wa siku tatu, neno kwa neno, akaona umetulia. Aliusambaza, akatoa kalamu.

"Nisome kwanza," alisema dada.

Akasoma. Wakangoja dakika kumi, ishirini. Shemeji akatazama dirishani. Kwenye ukurasa wa pili dada alisimama, akaweka kidole cha mkono wa kushoto juu ya mstari.

"Hapa umeandika, 'Mwezi wa tatu ajali ilitokea kwenye mashine ya kwanza.'"

"Ndiyo."

"Ilitokea? Yenyewe?"

Mzee Dakika akauinamia mstari ule. Mwaka mzima wa kujifunza kusoma, na jambo hili alikuwa ameliandika kwa mkono wake bila kuliona.

"Tuandikeje?" aliuliza.

"Andika kitufe kilikuwa kimefungwa kwa ubao. Andika niliomba kifunguliwe, nikakataliwa, na nani alikataa. Halafu nitaweka sahihi."

Fundi akachukua karatasi safi. Shemeji akasema jambo kuhusu muda, hakuna aliyemjibu. Kalamu ilipofika kwenye "na aliyekataa ni", mkono ule usiotetemeka ulisimama kidogo, kisha akaandika majina yake matatu, mpaka la babu, na baada yake akaandika la shemeji.